Walioitika Mtaroni

Tarehe 3 Machi

Kwako Kidole wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, na nyumba nzima ndiyo mimi na Mama na paka wa jirani anayejiona amehamia. Mimi mzima kabisa, namshukuru Mungu. Mama magoti yake ni yaleyale, kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kurudi kitandani, na macho sasa yamebakiwa na mwanga tu, sura za watu hazitambui. Shemeji yangu hajambo? Watoto je? Yule mdogo ameacha kunyonya kidole, au amekurithi moja kwa moja?

Juzi nilikuwa uani nikamwambia Mama maji yamechemka, akaniitikia kwa jina lako. Nikamwambia, Mama, ni mimi. Akasema, "Sauti niliwapa moja, mgawane wenyewe." Unakumbuka tulivyokuwa tukimchezea pale mlangoni, anaitwa mmoja, anaitika mwingine? Basi bado tunamchezea, sema sasa bila kutaka.

Nina habari. Nimepata nafasi kwenye ule mpango wenu wa kazi za jamii kwa watu wasio na ajira. Nasema wenu kwa sababu karatasi zake zote zinatoka kwenye ofisi unayopigia chapa. Tangu kiwanda cha sabuni kifungwe, mimi ni wa kufua nguo za watu, na siku hizi watu nao wanafua zao. Kwa hiyo nilipoitwa nilimshukuru Mungu hadharani, watu wakageuka kunitazama.

Tunachimba mtaro wa maji ya mvua kando ya barabara ya shule. Asubuhi msimamizi anaita majina, kila mtu anaitika "Nipo", halafu anampimia mtu kipande chake kati ya vigingi viwili. Unachimba, unasomba udongo kwa karai, unapanga mawe kwenye kuta. Msimamizi tumemwita Bwana Rula, kwa sababu ana ubao wa kupimia asioutoa mkononi. Jirani yangu wa kushoto anadai analala nao katikati, yeye na mkewe. Huyo jirani ni mwanamke, alikuwa na cherehani mpaka ikauzwa, tunamwita Mshonaji. Mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu. Wa kulia ni mzee mmoja aliyekuwa fundi viatu, tunamwita Soli. Saa ya kupumzika sisi tunakaa, yeye anatushonea kandambili zetu bure, anasema vidole vyake vikilala vitamsahau.

Sasa nina swali, wewe ndiye msomi wetu. Malipo ya kutwa ni nusu ya anachopata mbeba matofali, na mbeba matofali hapimwi kwa rula. Tena hayatoki mpaka awamu iishe. Tulimwuliza Bwana Rula akasema kiwango kimetoka juu. Soli akainua kichwa akatazama juu, akasema yeye anaona kunguru tu. Tulicheka. Lakini wewe ndiye uliye huko juu, niulizie kwa upole: wale waliokaa wakapanga kiwango hiki, walikuwa wanamfikiria mtu gani?

Mama anakubariki. Nami nakuombea kila ninapopiga magoti.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta mzima, shemeji yako yuko salama, watoto wanakua na viatu vinabaki nyuma. Yule mdogo bado ananyonya, na baba yake ananitazama mimi. Mpe Mama shikamoo yangu. Umwambie fedha niliyomtumia ni ndogo kwa sababu mwenye nyumba ametupandishia kodi, chumba kikiwa kilekile.

Swali lako nimelipeleka kwa mkuu wangu wa kitengo. Alifurahi kuulizwa, kwa kawaida hatumwulizi kitu. Alisema kiwango kimewekwa chini makusudi. Kingekuwa sawa na cha kibarua wa kawaida, wangejipanga foleni hata wenye maduka. Kikiwa chini, anakuja yule tu asiye na pengine pa kwenda. Hawana haja ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kutafuta mwenye shida, malipo yenyewe yanamchekecha kama chujio. Alinieleza hivyo huku akikoroga chai, Dada, na mimi ndiye niliyeyapiga chapa maneno hayo kwenye mwongozo. Wakati ule niliangalia nukta na mikato tu.

Kuna jambo lingine ambalo wengi huko hawalijui, shika sana. Asiyemaliza awamu halipwi hata siku alizofanya. Na nafasi ni ya mtu aliyeandikishwa, si ya nyumba yake. Akiondoka, kwa sababu yoyote ile, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Kwa hiyo usikose, jitunze. Ukianguka wewe, Mama anabaki na nini? Mimi na hiki chumba changu unanijua, na Mama alishasema hawezi kufia mahali ambapo hajui mlango uko upande gani.

Wasalimie Mshonaji na Soli. Mwambie Soli nami huku juu naona kunguru tu.

Mdogo wako


Tarehe 14 Aprili

Kidole wangu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu anayetuamsha. Hali zetu nzuri, Mama anakula, paka naye anakula cha Mama. Fedha imefika, tumekushukuru wote wawili, na tumenunua dawa ya kuchua.

Barua yako niliwasomea wenzangu saa ya kupumzika, ile sehemu ya chujio. Mshonaji alicheka mpaka akashika kiuno, akasema, "Kumbe mimi nimefaulu mtihani na sikuambiwa." Halafu akanyamaza, na akinyamaza yeye kila mtu anasikia. Soli alikuwa na kandambili yangu mkononi, ukanda ulikatika. Akasema, "Basi mimi walinifikiria vizuri. Walinipiga picha kabisa." Akaendelea kuchoma sindano.

Hakuimaliza ile kandambili. Siku ya pili hakuja, tukaambiwa amekufa alfajiri, akiwa ameshavaa nguo za kazi. Tulimzika jioni. Mke wake alitushika mikono mmoja mmoja akauliza, "Siku zake atalipwa?" Nikakumbuka ulivyoniandikia. Nilimwambia Mungu ni mkubwa, na nikaona anaelewa hiyo maana yake ni hapana.

Sasa nikusimulie yaliyofuata, ila uketi. Asubuhi Bwana Rula anaita majina. Amefika kwa Soli, amelisoma lile jina lake la kuzaliwa, ambalo sisi wengine tulikuwa hatulijui mpaka msibani. Kimya. Na katika kimya kile, sauti ikasema, "Nipo."

Si kwa nguvu. Kama mtu aliyeinama anafanya kitu.

Bwana Rula hakuinua macho. Akaweka alama, akaita jina linalofuata. Nikasema, haya, kuna mwenzetu amemsitiri. Saa ya kupumzika tukaulizana. Mshonaji akaapa si yeye, na yeye angekuwa amefanya angejitangaza. Wanaume wakaapa. Mama mmoja mlokole hasemi uongo hata kwa daktari, naye akaapa. Kila mtu alidhani ni wa upande wa pili.

Basi hatukukubaliana kwa mdomo, lakini tangu siku hiyo kila anayemaliza kwake anapita kwenye kipande cha Soli, anachimba kidogo, anapanga jiwe moja au mawili. Jioni Bwana Rula anakipima kwa ule ubao wake kama vya wengine, na kimetimia. Na asubuhi anapoitwa, anaitika mmoja wetu. Ukinishika uniulize ni nani, sitakuambia, kwa sababu kweli simjui. Naona itakuwa hivyo mpaka awamu iishe, mke wake apokee.

Nimemwuliza Mungu katika sala kama huu ni uongo. Nikamweleza kwamba kazi inafanyika, mtaro si hewa, anayekosekana ni mwenyewe tu. Bado sijajibiwa, au nimejibiwa na sikuelewa.

Jambo la mwisho. Ile kandambili yangu niliiacha juu ya kigingi cha Soli, sikuwa na nguvu ya kuichukua. Jana nimeikuta imeshonwa. Mishono midogomidogo, imekazwa. Nimeivaa, lakini Kidole, nilitembea kama mtu aliyeazima miguu.

Usimwambie shemeji, atasema mimi nimeanza uzee mapema.

Dada yako


Tarehe 30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama na wewe mko salama, sisi tupo. Naandika haraka, nina hofu.

Barua yako niliisomea msalani ofisini, kisha nikaichana. Dada, huku jambo hilo lina jina, wanaliita wafanyakazi hewa. Mwezi uliopita kikosi kizima cha wilaya jirani kimefukuzwa kwa ajili ya jina moja. Hawakulipwa hata walio hai. Na kabla ya malipo ya awamu hii kutakuwa na uhakiki, atatoka mkaguzi ofisini kwetu kwenda kwenye kila kikosi kuita majina mwenyewe. Mimi ndiye ninayepiga chapa ratiba yake.

Sikuhukumu. Mke wa Soli ananiuma hata mimi. Lakini mimi ni mtumishi, nimekula kiapo. Nikijua, nitaulizwa, na nikiulizwa sijui kudanganya, wewe unanijua tangu utotoni, masikio yangu yanawaka. Nisichokijua siwezi kuulizwa. Kwa hiyo nakuomba, usiniandikie tena habari za aina hiyo. Za mtu kufa huko mtaroni, za nani ameitika, sitaki kuambiwa na yeyote, waambie na wenzako. Niandikie hali yako na ya Mama, basi.

Usinielewe vibaya.

Mdogo wako


Tarehe 12 Mei

Kidole wangu,

Salamu. Nimekuelewa vizuri, tena nimewaambia na wenzangu kama ulivyoagiza, na hakuna aliyenuna. Mshonaji amesema mtu wa ofisi ana haki ya kuziba masikio yake, ndiyo mali aliyonayo.

Basi hali yangu na ya Mama. Mama mzima, anaimba nyimbo za zamani na kukosea maneno yaleyale aliyokuwa akikosea zamani. Mimi kifua kimenibana kidogo. Vumbi la mawe. Usiku nakohoa, Mama anasema namnyima usingizi, kisha ananishika mgongo mpaka nipoe. Nimekwenda zahanati, nikapewa vidonge vyeupe na ushauri wa kupumzika. Vidonge nimevimeza.

Mvua za mwisho zimenyesha na mtaro umepitisha maji bila kumwaga hata tone barabarani. Tulisimama sote kuyatazama. Ungekuwepo, ungeona kitu kizuri. Yalipita kwangu, yakapita kwa Mshonaji, yakapita pale pengine ambapo sitapataja.

Nakuombea wewe na hiyo kazi yako. Mungu akupe masikio yasiyowaka.

Dada yako


Tarehe 20 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimekaa nasubiri barua yako mpaka nimeona haya kumwuliza tena tarishi, ananiona ninavyomtokea mlangoni. Kifua kimekuwaje? Vile vidonge vimesaidia? Nimetuma fedha kidogo na dawa ya maji ya kifua, chupa ya rangi ya kahawia, kijiko asubuhi na jioni. Niandikie hata mstari mmoja. Kama ulikasirika kwa yale niliyosema, nikasirikie kwa maandishi.

Mdogo wako


Tarehe 2 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumai u mzima wa afya wewe na familia yako, sisi huku ni wazima, hofu yetu ni kwenu. Samahani kwa kukawia kujibu, kazi zilikuwa nyingi. Usishangae mwandiko, mkono unaniuma, kuna mwenzangu ananisaidia kuandika.

Dawa imefika na fedha imefika. Kifua hakinisumbui tena. Mama anakula vizuri, anaogeshwa kila siku, nguo zake zinafuliwa, usiwe na wasiwasi hata kidogo kuhusu Mama. Kazi inaendelea vizuri, kipande changu kinapimwa kila jioni na hakijawahi kupungua. Awamu inakaribia kuisha.

Wasalimie watoto wote.

Dada yako


Tarehe 15 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyo ndefu. Mkono ukiuma, mtu anaazima mkono wa mwenzake, hilo naelewa. Lakini maneno uliyazungumza wewe, au nayo uliazima? Hukuniuliza kama mwanangu mdogo ameacha kunyonya kidole. Hukusema paka yuko wapi. Na hukuniita jina langu. Tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia bila kuniita jina lile. Niandikie jina hilo tu, kwenye kipande cha karatasi, hata bila salamu, nami nitalala.

Nina habari pia. Karani wa mkaguzi ameugua, nimepangwa kwenda na mkaguzi kwenye uhakiki badala yake. Kikosi chenu ni tarehe saba Agosti. Sikuomba, wala sikukataa. Dada, nitasimama pale na majina yakiitwa. Likifika lako, itika kwa nguvu nikusikie.

Mdogo wako


Tarehe 24 Julai

Kwako mdogo wa dada yetu,

Nakusalimu kwa heshima, nikiwa nimeketi kwenye kigoda karibu na mama yako, naye amenishika goti. Mimi ni Mshonaji. Jina ulilouliza hatulijui. Tumetafuta kwenye barua zako zote na wewe umejiita mdogo wako tu. Mama analijua, nilipomwuliza alicheka kidogo, akasema hilo si la kwangu kuandika. Kwa hiyo tumefika mwisho wa kujua.

Dada yako alitutoka mwisho wa mwezi wa tano. Alikuwa amebeba karai la mawe, akaliweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akakaa kando yake. Tulimbeba mpaka nyumbani. Alikaa siku chache, akili yake timamu, anatutania. Jumapili asubuhi mama yako alimwita na hakuitika. Tumemzika vizuri. Mama alibebwa kwenye kiti chake mpaka pale, akatupa udongo kwa mkono wake.

Utauliza kwa nini hukuambiwa. Mdogo wetu, uliandika usiambiwe. Alitusomea mwenyewe, za mtu kufa huko mtaroni sitaki kuambiwa na yeyote. Hakuisoma kwa hasira, aliisoma kwa kukuhurumia. Alipolala kitandani tukasema tukuite. Akasema, "Mkimwita atajua, na akijua masikio yatamponza, atafukuzwa kazi, Mama atakosa huku na huku. Mngojeni mpaka walipe." Mama alikuwa pale, anasikia. Ndiye aliyesema mwisho. Alisema, "Basi itikeni. Huyu nimemzaa mimi, nami nawapa ruhusa."

Kwa hiyo tumeitika. Kipande chake tunakichimba kila siku baada ya vya kwetu, tukitoka cha Soli tunaingia cha dada yako, na sasa wote tumekonda kama fito. Barua yako ilipokuja kuuliza, tuliiweka katikati tukaitazama. Yule mlokole akasema, kama tunaitika kwa Bwana Rula, ataitwaje na ndugu yake kisha tunyamaze? Ndipo nikaandika mimi. Nilijitahidi, lakini mimi najua kushona tu.

Na ile kandambili aliyokuandikia niliishona mimi. Sikumwambia kwa sababu niliona anafurahia kuogopa, nikasema nitamwambia awamu ikiisha tucheke. Lile la kuitika kwa Soli siku ya kwanza si langu, naapa mbele ya mama yako. Na siku ya kwanza ya kuitwa dada yako, nilikuwa nimejiandaa mimi. Nilivuta pumzi. Wakati navuta, pakaitikwa. Niligeuka, wote walikuwa wametazama chini.

Jioni nikiingia kumpa Mama chakula ananiita kwa jina la dada yako. Anajua si yeye. Naitika.

Sasa unakuja na mkaguzi. Sisi tumekubaliana, hatutakuomba kitu. Likiitwa lile jina tutanyamaza wote, wala ubaya hatutakuwa nao, kiapo ni kiapo. Ila wapo humu watu wengi wanaokula kwa mikono yetu, na Bwana Rula ana watoto sita. Uje tu kwa Mama, hata ikiwaje. Anakungoja upande ule mlango ulipo.

Mwenzake dada yako


Tarehe 9 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kitanda chako, ubao wa kuandikia ni sinia la Mama. Barua hii nitamkabidhi Mshonaji. Naye pia namwita Dada siku hizi, kwa hiyo haitapotea. Mimi mzima. Mama mzima. Paka amelala kwenye miguu yake, nilitaka ujue.

Nilifika jioni ya kuamkia uhakiki. Nilisimama nje nikapiga hodi, na Mama akaniitikia kwa jina lako. Nikasema, Mama, ni mimi. Halafu akasema, "Sasa utabeba sauti zote mbili." Nilimwekea kichwa mapajani, akanipapasa masikio kama anayetafuta kama yanawaka.

Asubuhi nilikwenda mtaroni kabla ya mkaguzi. Nikauona. Nilikuwa nimepiga chapa neno mtaro mara nyingi kuliko jina langu na nilikuwa sijawahi kuuona hata mmoja. Mshonaji alinionyesha chako. Mawe yamepangwa sawasawa mpaka mwisho, na palipoishia mkono wako na kuanzia mikono yao sikupaona. Nilitafuta. Nilipiga magoti nikatafuta kwa vidole.

Mkaguzi alikuja na kiti chake cha kukunja. Hana kawaida ya kutazama watu, anatazama orodha, anasoma jina, anasikia sauti, anaweka alama. Jua lilikuwa kali na alitaka kuwahi kikosi kingine. Mimi nilisimama nyuma yake, Bwana Rula kando yangu, ubao wake ameukumbatia kifuani. Sasa naamini analala nao.

Akaita jina la Soli. "Nipo," ikasikika, ya mwanamume, kama mtu aliyeinama. Akaweka alama. Wakaitwa wengine. Mshonaji aliitika kwa sauti iliyokauka.

Halafu akasoma jina lako. Nusu yake ni jina la Baba, na nusu ya langu pia. Nilikuwa nimekuja na kiapo changu, Dada. Nilikuwa nimekuja na uamuzi kabisa, nimelala nao, nimeamka nao, kwamba nitanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kutakuwa msaada wangu, na Mungu aamue. Wenzako walitazama chini wote, kama walivyoahidi. Yule mlokole alikuwa ameibana midomo. Kunguru akapita. Na mkaguzi akaanza kuinua kichwa, polepole, kalamu iko hewani.

"Nipo."

Ilikuwa sauti yako. Si kufanana. Ilikuwa na ile mikwaruzo ya asubuhi, na kale kacheko kadogo mwishoni, kama ulivyokuwa ukiitika mlangoni ninapoitwa mimi. Nilitaka kugeuka nikuone. Ndipo nikaona Bwana Rula ananitazama mdomo.

Mkaguzi alikuwa ameshainamisha kichwa. Akaweka alama. Alipomaliza aliniuliza bila kugeuka, "Wote wameonekana?" Nikasema, "Wote." Masikio yangu hayakuwaka. Nimeyashika mpaka sasa, ni baridi.

Watalipwa wiki ijayo, wote, kwa kiwango kilekile cha chujio. Mke wa Soli atapokea cha Soli. Cha kwako atapokea Mama, na atatoa sadaka kidogo kama ulivyozoea. Awamu imeisha, majina yenu mawili hayataitwa tena. Mshonaji anasema kesho asubuhi watakuja kukusanya sepetu na anaogopa kimya kile kitakachokuwepo.

Saa ya kupumzika walinizunguka, hawakuuliza mengi. Mshonaji peke yake alinisogelea akasema kwa upole, "Ni wewe?" Nikaapa si mimi. Akatikisa kichwa, akasema, "Ndivyo tunavyosema wote."

Mama ananiita kutoka kwenye kiti chake. Ameita jina lako.

Naitika.

Kidole wako